Waya za Peres

Peres Okinyi ako Form Two kwa shule moja ya kutwa pale Waithaka. Ukitaka kumtofautisha na wale wasichana wengine wote wa sweta ya kijani, ngoja kengele ya lanchi ilie. Wenzake wanakimbilia foleni ya githeri na sahani na kijiko. Peres anakuja akitembea, na juu ya sahani ameweka mkebe wa jiometri. Ndani ya huo mkebe hakuna kompasi. Kuna mswaki uliokatwa mkono ndio utoshee, dawa ya meno kidogo, kioo cha mkononi chenye ufa, na nta ya kubandika pale waya inapomkwaruza shavu.

Meno yake ya mbele yalikuwa yametokeza mpaka mdomo haufungi. Tangu praimari waliita hiyo kitu majina, na yeye akajifunza kucheka na mkono juu ya mdomo. Halafu madaktari wa meno wakakuja kanisani kwao Jumapili moja kupima watoto, na kliniki moja ya tao ikamchukua. Hiyo kliniki huwekea watoto wachache waya kila mwaka bila kulipisha. Sheria yao ni moja tu. Vile vibati vidogo vya chuma vimegandishwa kwa meno, ukiving'oa mara tatu kwa kutafuna vitu umekatazwa, wanatoa waya yote na nafasi inaenda kwa mtoto mwingine.

Peres alikuwa ameshang'oa viwili. Cha kwanza kilienda na mahindi choma, wiki ileile aliwekewa, na hapo hata yeye alikubali ni ujinga wake. Cha pili kilienda na githeri ya shule. Hiyo hakuona ni makosa ya nani. Shule hairuhusu mtu kuleta chakula kutoka nyumbani, na mahindi ya ile githeri ni kama kokoto.

Kwa hivyo yeye na rafiki yake Syokau wakatengeneza mpango. Wanakaa nyuma ya maabara, sahani mbili zinawekwa pamoja, Syokau anavuta mahindi upande wake, Peres anavuta maharagwe. Kuna siku githeri inakuja ikiwa mahindi matupu, maharagwe unayatafuta kama pete imeanguka mchangani. Siku hiyo Peres anakunywa supu na anangoja jioni.

Akimaliza anaenda kwa mfereji kupiga mswaki. Hapo ndio vijana wa darasa lao humngoja. Wamembatiza Seng'enge.

Musembi, prifekti ambaye hata hajui kunyamaza, hupiga kelele, "Wacheni fujo, Seng'enge anaosha geti."

Peres humjibu povu ikiwa bado mdomoni, "Geti iko na mbwa kali. Kaa hapo hapo."

Wanacheka, na yeye anaendelea kusugua, jino moja moja, juu na chini ya waya, mpaka kioo kimwambie imetosha.

Mwaka huu daktari alimwongezea kitu kingine, rababendi mbili ndogo sana za kuvuta meno. Kila upande moja inashikwa na kibati cha juu na kingine cha chini. Unazitoa ukila tu, halafu unarudisha. Daktari alimwambia akikaa bila, meno yatarudi vile yalikuwa, na hayo maneno Peres aliyashika kama mtu ameapishwa.

Jumatano moja alizitoa akaziweka kwa kifuniko cha mkebe, akaanza kula. Mtoto wa Form One akapita mbio, akagonga mkebe na mguu. Kioo walikipata na mswaki wakaupata. Rababendi ziliingia nyasi na hazikuonekana. Pakiti ya akiba ilikuwa nyumbani, chini ya godoro.

Syokau alikuwa amesukwa matuta wikendi, na mwisho wa kila tuta kulikuwa na karababendi keusi. Alikuwa na pakiti nzima kwa begi, zile zinauzwa salon na kila duka ya vipodozi.

"Si ni kitu moja tu?" akasema. "Angalia. Hata saizi ni hiyo hiyo."

Peres aliishika mbele ya macho akaivuta. Ilikuwa ngumu kuliko ile ya daktari, lakini aliona heri hiyo kuliko kukaa mchana wote bila. Ya kulia iliingia vizuri. Ya kushoto ilikuwa inateleza, kwa hivyo akaizungusha mara mbili kwa jino la juu ndio ishike.

Kwa somo la hesabu jino lilianza kuuma mpaka jicho likatoa machozi. Kabla somo liishe akasikia kitu kimeachana, tak, na kibati kikawa juu ya ulimi. Akakitema kwa kiganja. Ya kulia akaitoa na kucha. Ya kushoto alipapasa na ulimi, akapapasa na kidole, hakuna. Akajua ameimeza.

Walipokuwa wanatoka Syokau alimwambia kuna supaglu kwao, baba yake ni fundi wa viatu. Peres aliingiza kibati kwa mkebe akaenda nyumbani.

Mamake, Veronicah, hukaanga samaki kando ya barabara karibu na stendi. Alisikia yote akiwa ameshika mwiko, na samaki mmoja akaungua hivyo tu akiangalia.

Peres alimwambia hakuna kitu alitafuna, na mamake akamuuliza ni nani ataamini hiyo. Mtu ambaye vibati vyake vimeshang'oka mara mbili kwa mahindi. Na hata daktari akiamini, kuweka rababendi ya nywele mdomoni si afadhali kuliko githeri. Akageuza samaki waliobaki. Halafu akasema polepole:

"Wewe si unacheza netiboli? Utasema mpira ilikugonga. Mpira si chakula, nyathina, mtoto wangu."

Alhamisi fizi ya kushoto ilikuwa imefura. Ijumaa akasukutua na maji ya chumvi, ikafura tu. Jumamosi wakaenda tao, kwa kliniki, ngazi mbili juu ya duka la vitambaa.

Daktari ni Sonal, mama wa Kihindi aliyezaliwa Ngara, Kiswahili chake ni kile cha kila mtu. Alimlaza Peres kwa kiti, akawasha taa, akauliza kimetoka aje. Peres akasema mpira. Mamake, aliyekuwa amekaa kwa benchi pembeni na viatu amevua, akaongeza kwamba hawa watoto wanacheza kama wanapigana.

Daktari Sonal akaamini. Akaamini bila shida kabisa. Akasema pole, akasema ajali haihesabiwi, na hata uvimbe akasema ni wa kugongwa. Peres akaangalia dari. Hiyo kitu ilikuwa imemnyima usingizi siku tatu, na imeisha kwa maneno mawili.

Daktari akaligusa lile jino. Akalisukuma kidogo.

"Hili linatingika," akasema. "Huo mpira ulikuwa na nguvu. Nitarudisha kibati, jino tuliache lipumzike, tutaliangalia mwezi ujao."

Peres akafikiria hapo, mdomo wazi. Mpira haukuwa umegonga kitu. Sasa jino linatingishwa na nini? Akakumbuka vile aliizungusha mara mbili. Akakumbuka pia hakuisikia ikishuka kooni, alijiambia tu ameimeza. Daktari alikuwa ameshachukua gundi. Akinyamaza, waya inabaki.

"Daktari," akasema. "Mpira haikunigonga."

Mamake alikohoa. Peres akaendelea tu, akasema kila kitu, nyasi, matuta ya Syokau, somo la hesabu, mpaka ile rababendi ambayo haijulikani ilienda wapi.

Daktari Sonal aliweka gundi chini. Alibadilisha vifaa, akachukua ndoano nyembamba, akapiga sindano ya ganzi, akaingia chini ya fizi. Alichukua muda. Ilipotoka ilikuwa nyeusi, ndogo kama pete ya sisimizi, na damu juu yake.

"Hii hupanda," akasema akiiweka kwa karatasi. "Jino ni jembamba huko juu kwa mzizi, kwa hivyo inapanda tu, inakata. Ungengoja mwezi ujao, ungekuja na jino mkononi."

Hapo Veronicah akasimama bila viatu. Alisema mpango wa mpira ulikuwa wake, mtoto alisema vile aliambiwa, na kama ni kutoa waya watoe, lakini wajue hivyo.

Daktari aliikunja ile karatasi na rababendi ndani. Halafu akasema sheria ni ya kutafuna, na hapa hakuna mtu alitafuna. Lakini hatarudisha kibati leo, fizi haiwezi. Watarudi baada ya wiki mbili. Akikuta fizi safi ataweka. Akikuta imefura atatoa waya yote, na hatasikiliza hadithi ya mtu.

Hizo wiki mbili Peres alipiga mswaki asubuhi, saa ya chai, lanchi, na akitoka shule, mpaka Musembi akachoka kumtania. Chakula chake kilikuwa supu tu.

Waliporudi, Daktari Sonal aliangalia na kioo, akasukuma jino, halikusonga. Akaweka gundi, akabandika kibati, akapitisha waya. Ilichukua muda mfupi sana.

"Netiboli unacheza kweli?" akauliza akivua glavu.

Peres akatingisha kichwa kukubali.

"Basi siku moja mpira utakugonga kweli. Na ukija hapa siku hiyo, sitakuamini."

Veronicah alicheka wa kwanza, ile kicheko yake ya sokoni inayosikika mpaka kwa ngazi. Peres akajaribu kujizuia, pamba ikiwa bado shavuni, akashindwa.