Ngoma Isikatwe

Dada yangu Tryphena alipoanza yoga akiwa na miaka hamsini na mbili, nilimwambia kinagaubaga kwamba amerukwa na akili. Mtu mzima, karani wa shule, mwimbaji wa kwaya, anajikunja kwenye mkeka na wasichana wa Voi! Akacheka tu. Mgongo uliomtesa miaka mingi ulikuwa umelegea, na hilo lilimtosha. Baada ya miezi sita mwalimu wake, Kavinya, akaongeza dansi: mnacheza, mnauacha mwili ujiendee, kisha mnalala chali kimya. Niliposikia hayo usingizi ukanipotea.

Sisi ni watoto wa Werugha, milimani Taita. Mama yetu alikuwa akicheza mwazindika, ile ngoma ambayo mwanamke akishikwa na pepo hutetemeka mpaka aanguke. Nyumbani kwetu sheria ilikuwa moja: akitetemeka, ngoma isikatwe mpaka atulie mwenyewe. Siku moja ami yetu, aliyekuwa ameokoka juzijuzi, aliinyakua ngoma Mama akiwa katikati ya kutetemeka. Mama akabaki amekodoa macho. Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo, na hakutamka tena jina la mtu yeyote, hata letu.

Basi Jumamosi hiyo nikamfuata Tryphena kwenye ukumbi wa yoga. "Umekuja kunichunga ama kujifunza?" akanitania.

"Nimekuja kukurudisha nyumbani."

Nikaketi karibu na mlango, mkoba mapajani, nimenuna. Kusema ukweli niliogopa.

Kavinya akafungulia spika. Wanawake wanane wakaanza kucheza. Tryphena akafumba macho. Mabega yakaanza, mabega tu, vile ya mama yalivyokuwa yakianza, kisha shingo, kisha mwili mzima. Wenzake wakampigia makofi wakidhani ni mbwembwe. Kavinya naye, maskini, ni Mkamba wa Mtito, angejuaje? Akaona muda umefika, akazima muziki.

"Sasa tulale chali, tuvute pumzi," akasema kwa upole.

Wote wakalala isipokuwa dada yangu. Alisimama pale akitetemeka, macho wazi, haoni kitu.

"Tryphena!"

Hakuitika. Uwi, mama yangu! Nikamfokea Kavinya awashe muziki, naye akababaika, simu iliyokuwa ikiendesha spika ikamponyoka ikaanguka.

Kando ya mlango kulikuwa na mtungi mtupu wa plastiki, ule wa kuchotea maji. Mimi niliyeokoka, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mimi ambaye sijawahi kugusa ngoma maishani, nikapiga magoti mbele ya dada yangu nikaanza kuupiga huo mtungi. Mikono ilijua. Nilipiga nikilia, kamasi zikinitoka bila haya, mpaka mabega yake yakatulia, akajikalisha sakafuni polepole.

"Moureen," akasema.

Jina langu! Alilitamka lote.

Nikauachia mtungi, nikataka kusimama nimkumbatie. Nikashindwa. Magoti yangu yalikuwa yakitetemeka, halafu mapaja, halafu nikasikia mabega yananiponyoka. "Dada, naogopa," nikamwambia.

Tryphena aliyaangalia mabega yangu. Akauvuta mtungi kwake, akaanza kupiga.