Shamis na Bibi Arusi wa Morris

Nikiulizwa nani mgumu kuliko wote katika soko la maziwa hapa Garissa, sitafuti mbali. Ni Shamis, anayeuza maziwa ya ngamia upande wangu wa kushoto. Madumu yake huanza asubuhi yakiwa kwenye meza yake, na kufikia adhuhuri yameshaingia kwenye nyanya zangu. Nimemwambia, nimemsihi, nimemtukana kwa Kikamba. Hujibu kwamba soko ni la Mungu. Mimi Kasyoka nimezaliwa mji huu. Baba yangu aliletwa na serikali, ikamsahau huku. Kisomali nakijua vizuri kuliko ninavyopenda, kwa sababu naelewa kila anachosema juu yangu.

Watu humpenda kwa jambo moja. Harusini, wanawake wakishakolea ngoma na makofi, Shamis husimama kuimba buraanbur, mashairi ya akina mama, na hapo hata mimi hunyamaza. Shairi analoombwa zaidi si lake. Kwanza husema, "Haya ni maneno ya Sadia binti Aweys, wa Takaba," ndipo aimbe. Ndivyo walivyo Wasomali kwa mashairi: usipomtaja mtunzi, umeiba.

Sadia alikuwa mama yake. Aliolewa Hadado, akaachwa, na mtoto akabaki na ukoo wa baba kama ilivyo desturi. Siku aliyorudishwa kwao ndiyo aliyotunga shairi hilo, na baada ya hapo hakuishi sana. Shamis alilelewa na watu ambao hawakulitamka jina la mama yake ila kwa kulitemea mate. Alipokuwa msichana mkubwa, katika harusi ya watu baki hapa mjini, mwanamke asiyemjua alisimama akasema maneno haya ni ya Sadia binti Aweys, wa Takaba, aliyeacha binti Hadado. Shamis alikuwa amebeba sinia la wali. Anasema hakumbuki lilivyoanguka. Ndani ya shairi mlikuwa na mstari unaomhusu yeye: nimemwacha mtoto ana maziwa mdomoni, mkono wake haujaachia nguo yangu. Huo ndio urithi pekee alioupata kwa mama, na aliupata kwa sababu mtu fulani alikuwa na adabu ya kutaja jina.

Basi akaja Morris. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja tukaugua. Alitoka Nairobi na kamera zake, akaivuka sukumawiki yangu kama anavuka mtaro, akaanza kueleza habari za opera. Ni mchezo wa Ulaya ya zamani, alisema, ambao watu huuimba kuanzia mwanzo hadi mwisho badala ya kuzungumza. Huu wake ulihusu bibi arusi anayelazimishwa kuolewa na adui wa baba yake, akanywa sumu, lakini kabla ya kuanguka akaimba kwa muda mrefu. Alitaka kuugeuza filamu ya hapa kwetu, ngamia mahali pa farasi, na nyimbo za wanawake wa huku mahali pa zile za Kizungu. Kwa wimbo wa mwisho alitaka shairi la Sadia kwa sauti ya Shamis.

Shamis, anayewatukana makanga wa matatu kwa Kiswahili kisichokwama, aliniambia nimwambie bwana huyo kwamba hajui Kiswahili. Alitaka tu kumtesa. Hivyo ndivyo nilivyogeuka mkalimani bila kuomba.

Walirekodi katika chumba cha kukodi, magodoro yamesimamishwa ukutani ili mbuzi wa nje wasisikike. Shamis akafungua mdomo: haya ni maneno ya Sadia binti Aweys. Morris akainua mkono. Alisema mtu anayekufa hawezi kutangaza kwamba maneno yake ni ya mwingine, watazamaji watacheka. Jina angeliweka mwishoni, kwenye maandishi. Shamis akajibu kupitia kwangu kwamba mwishoni watu hutafuta viatu. Wakarudia, akataja tena. Hapo Morris akamgeukia fundi wa sauti, akamwambia kwa Sheng ya haraka amwache mama aseme tu, watakata baadaye.

Shamis alichomoa waya wa kinasa sauti kwenye mtandio wake, akasimama. Kiswahili kilimrudia ghafla.

"Wewe ni mwizi," akamwambia. "Tena mwizi ya mchana."

Kuanzia siku hiyo ikawa vita. Shamis alipita kwa kila mwenye ngamia, na ngamia wa kukodi wakaadimika kama mvua. Morris naye akawa anasema mjini kwamba kuna mwanamke anataka kumzika mama yake mara ya pili. Nilimchukia kwa neno hilo, na nilichukia zaidi kwamba halikuwa la kijinga.

Mwishowe alikuja peke yake, akaketi kwenye kreti langu bila kukaribishwa. Alisema tatizo lake ni moja: maneno yawe ya bibi arusi mwenyewe, la sivyo kifo chake hakina uzito. Shamis alimpimia mteja maziwa mpaka akamaliza.

"Basi bibi arusi aitwe Sadia," akasema. "Sadia binti Aweys, wa Takaba. Aseme jina yake mwenyewe."

Morris alifikiri, akakubali. Kisha akaongeza kwamba bibi arusi wake ndio kwanza anaolewa, hana mtoto. Ule mstari wa mtoto lazima utoke.

Nilimwambia Shamis kwa Kisomali amfukuze, na kama hana nguvu nitamfukuza mimi. Alifuta mdomo wa dumu kwa kitambaa, akaufuta tena, na ulikuwa safi tangu mwanzo.

"Toa," akasema. "Toa mtoto."

Mchana kutwa nilimsema.

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa katika ukumbi mmoja mjini, wanawake tukakaa upande wetu. Msichana wa kwenye kioo alishika kikombe cha sumu, na sauti ya Shamis ikasema mimi ni Sadia binti Aweys, wa Takaba. Ukumbi mzima, wanawake wanaomjua na wasiomjua, wakasema Mungu amrehemu, na bibi arusi hata hajanywa. Shairi likaendelea. Lilipofika mahali pa mtoto likapita moja kwa moja, na mwanamke wa mbele yetu akageuka kuuliza mtoto yuko wapi.

Hasira ilinipanda. Nilimwambia Shamis sikioni kwamba amejifuta mwenyewe katika kitu pekee alichoachiwa, na amejifuta kwa ajili ya yule mjinga wa Nairobi.

"Mtoto iko hapa, abaayo," akasema, akiniita dada kwa Kisomali, macho yake hayajatoka kwenye kioo. "Mama ndiyo haikuwa na mahali."