Unga wa Muhogo kwenye Injini

Pikipiki ya baba ni ya zile za zamani, za kuchanganya oili na petroli kwenye tangi, na ukiiwasha mtaa mzima unajua. Aliipata enzi akiwa bwana shamba, akazunguka nayo vijiji vya Handeni hadi akastaafu, kisha akarudi nayo nyumbani Mkata. Mama alikuwa akisema mumewe kamletea mke mwenza mwenye kelele, na alikuwa akilisema huku anacheka. Mama sasa amelala nyuma ya nyumba, kando ya shamba la muhogo. Kaburi lake baba hulifagia mwenyewe kila asubuhi.

Mimi naishi Masuguru, pale Korogwe mjini. Mwaka huu baba alipata kidonda mguuni, na kwa kuwa ana sukari, kidonda kikagoma kupona. Daktari aliyemwona Korogwe alinitazama mimi, siyo yeye, akasema kidonda kile kinataka kusafishwa kila siku na watu wanaojua kazi, la sivyo mguu utakatwa. Nikamwomba baba ahamie kwangu. Alikataa, nikalia, akakataa tena. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: pikipiki nayo iende, na isiende ikiwa inavuja oili.

"Siwezi kwenda kuchafua uwanja wa watu," alisema. "Ikiacha kuvuja, mwanangu, tunaondoka siku hiyo hiyo."

Nikaliona sharti jepesi. Kati ya watoto wake ni mimi niliyekaa naye chini ya ile pikipiki tangu sijajua kusoma. Kaka zangu waliogopa kuchafuka. Basi kila mwisho wa wiki nikawa nabadilisha gari Segera, nashuka Mkata na mfuko wa spana. Nasema shikamoo, naitikiwa marahaba, navua viatu vya mjini na kulala chali uwanjani, mwanamke mzima na watoto wangu. Majirani walikuwa wakipita wakinipa pole kana kwamba nimefiwa.

Baba aliketi kwenye kigoda, mguu wenye bandeji ukiwa juu ya kigoda kingine, akitoa amri. "Nusa kwanza. Usifungue kitu hujanusa." Kwenye injini za namna ile, oili iliyochanganywa na petroli inaungua humo humo, na oili ya gia ina chumba chake chini. Ukikuta tone, unalisugua kati ya vidole. Likinuka petroli limetoka juu; lisiponuka, ni la gia. Boksi tulilotandika chini ya injini lilikuwa na doa kubwa kila asubuhi, na halikunuka petroli hata chembe.

Basi ni gia. Nikafungua kava ya klachi, nikakata pakingi mpya ya karatasi kwa mkasi wa mama wa kushonea. Asubuhi yake, doa. Nikarudi na sili mpya, ile pete ya mpira ya kuzuia oili nyuma ya sproketi ndogo ya mnyororo, nikaitia kwa kuigongagonga taratibu kwa kipande cha mti, maana nyundo ingeipasua. Asubuhi, doa. Bolti ya chini, ile ya kumwagia oili, niliijaribu kila mara na kila mara niliikuta imekaza. Niliitukana injini ile matusi ambayo, bahati nzuri, baba siku hizi husikia nusu. Wakati huo wote bandeji nayo ilikuwa ikilowa kila asubuhi, na harufu yake ilianza kunitisha. Nilikuwa na hasira na chuma, na nyuma ya hasira nilikuwa na hofu tupu.

Ndipo nikakumbuka unga. Baba ndiye aliyenifundisha zamani: ukishindwa kujua inapovujia, ioshe injini kwa mafuta ya taa, ikaushe, kisha ipake unga wa muhogo. Wa sembe una chenga, wa muhogo unashika kama poda. Oili ikitoka hata kidogo, unga unalowa na mahali panaonekana. Mama alikuwa akigomba unga wake kupakwa pikipiki, na kuku walikuwa wakija kudonoa silinda. Safari hii niliupaka jioni, kuku wameshapanda kulala na baba yuko ndani anaswali Magharibi. Sikumwambia.

Asubuhi nilichuchumaa na kikombe cha chai mkononi. Kava ilikuwa nyeupe, kavu. Kwenye sproketi, kavu. Bolti ya chini peke yake ilikuwa haina unga, imefutika, na pembeni yake palikuwa na alama za vidole, za mtu aliyeilegeza usiku na kuikaza tena. Doa lilikuwa mahali pake juu ya boksi.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, ametoka kuswali Alfajiri na kufagia kaburi. Alinyoosha mkono kupokea chai. Upindo wa mkono wa kanzu yake ulikuwa na unga.

"Umeona inapovujia?" akauliza.

Nilikuwa na maneno tele kifuani, kuhusu mguu, kuhusu daktari, kuhusu zile sili. Lakini ningeyasema, ningekuwa nimemvua baba yangu nguo uwanjani mchana kweupe. Na angekuja Korogwe, angekuja kwa aibu, na angemwacha mama bila mtu wa kumfagilia. Nisiposema, mguu ndio huo.

"Bado, baba."

"Ni injini ya siku nyingi," akasema taratibu. "Tutajaribu tena."

Nikachukua spana, nikaingia chini, nikaikaza ile bolti kwa nguvu zangu zote, mbele ya macho yake. Alinitazama mikono. Yeye kikombe alikishika kwa mikono yote miwili.

"Usiikaze sana, mwanangu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Utaua meno ya bolti."

Nikabaki pale chini, nimeishika spana. Kisha nikailegeza bolti kidogo, kiasi cha mikono yake kuiweza.