Niliisomea Dua Mbegu ya Bangi Nikidhani ni Ufuta

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Assalamu alaykum nyote mnaosoma ukurasa huu. Nanyi ndugu zangu Wakristo, amani ya Mungu iwe juu yenu. Mwenye ukurasa, nakusihi ulifiche jina langu, kwa kuwa ninalolieleza lingali bichi.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, mwalimu wa madrasa na imamu wa msikiti mdogo huku juu Newala, upande wa Mnyambe. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Dada yangu ana wana wawili, na mimi mjomba ndiye ninayewaozesha, ndiye ninayesimama mbele za watu wanapokosa, na shamba la mikorosho la ukoo limeandikwa kwa jina langu likiwangoja wao. Mkubwa nimemwita Salumu, silo jina lake. Mdogo wake alikuwa muadhini wetu, kijana mwenye sauti iliyowatoa hata wavivu kitandani.

Nimelima enzi za ushirika, na nimelima tangu soko lilipoachiwa huria na kila mwenye gari akawa bwana shamba: huyu na salfa yake ya kupulizia mikorosho, yule na mbegu zake. Tukazoea kuamini kwamba kitu kikiitwa chotara, basi ni bora. Kwa zoea hilo Salumu alinijia kabla ya mvua akiwa na kifurushi cha kitambaa.

"Shikamoo njomba. Nimeletewa mbegu chotara kutoka Masasi mjini."

"Marahaba. Mbegu ya nini?"

"Ufuta, njomba. Isomee."

Desturi yetu mbegu ngeni haingii udongoni kabla mjomba hajaisomea dua, nayo husomewa ikiwa imefungwa. Anayefungua kukagua huhesabiwa kuwa anaitilia shaka riziki. Nikakishika kile kifurushi mbele ya wazee, nikakinyunyizia unga, nikaomba kizae, kienee, kiwafikie wengi. Subhanallah! Tukanywa uji wa sadaka, tukatawanyika.

Kiangazi kikaja. Ufuta wa watu wote ulikwishavunwa, lakini Salumu alikuwa bado akipakia madumu ya maji kwenye baiskeli kwenda shambani. Nanyi mnaoijua nchi yetu ya juu mnajua maji kwetu ni nini: wanawake huyafuata bondeni na kuyapandisha kichwani. Msikiti una tangi la maji ya mvua, kwa ajili ya udhu na kuoshea maiti. Likaanza kushuka, hata waumini wakatawadha kwa kikombe.

Nikamfuata asubuhi moja. Katikati ya mihogo nikakuta miti mifupi, minene, haifiki kifuani, majani yake yamechanuka kama vidole, vichwa vyake vinanata. Harufu ilinipiga kabla sijaiona: kama ngozi mbichi iliyosuguliwa kwa limau. Nilimkuta Salumu akiinywesha maji ya udhu, ya tangi letu la msikiti.

"Salumu, hii ni nini?"

Hakuona haya. "Njomba, usiifananishe na ile ya wazee wa zamani, ndefu kama mtama, inayoonekana tangu barabarani. Hii imechanganywa uzao. Fupi, inajificha kwenye muhogo, nimeipanda mvua zilipokatika nayo inakomaa upesi, na ukali wake ukivuta mara moja inatosha. Kosa lake ni moja tu, inakunywa kama ng'ombe."

"Nitakwenda polisi."

Akacheka. "Nenda. Watauliza shamba la nani, utasema lako. Watauliza nani aliibariki, wazee wote walikunywa uji. Tutapanda gari moja, njomba, mimi na wewe. Utatuswalisha huko huko."

Ndugu zangu, nimezika watoto wangu mwenyewe, lakini sijapata kutukanwa hivyo. Nauchukia mti ule. Nawachukia wanaokaa mbali wakauchanganya uzao na miti ya huku na huku ili uzidi wazimu, kisha wakauita maendeleo. Wazimu wake tumeuona nyumbani. Mdogo wake Salumu, aliyekuwa akimsaidia kumwagilia, naye aliuvuta. Siku ya gulio, jua likiwa utosini, alisimama katikati ya wauza dagaa akaadhini adhana ya alfajiri, akiwalilia watu kuwa swala ni bora kuliko usingizi. Wengine wakamcheka: "Ostadhi, saa yako imekufa betri!" Tangu hapo anaona watu juu ya paa na hapati usingizi. Tumempeleka hospitali, amepewa dawa.

Nilipomwambia dada yangu kwamba namkabidhi Salumu kwa serikali, alipiga magoti nyumbani kwangu, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Kaka, dawa za huyu mgonjwa ananunua nani? Ni Salumu. Ukimfunga yule, huyu atamezeshwa nini? Hadithi?"

"Ananunua kwa sumu iyo hiyo iliyomtia wazimu."

"Najua, kaka. Nami ndiye ninayemfunga kamba asitoke. Wewe unarudi kwako kulala."

Nikamwinua sakafuni.

Sasa vichwa vya miti ile vimekomaa, na wanunuzi wanatazamiwa baada ya Ijumaa. Nayo kamati ya msikiti imeniagiza Ijumaa hiyo nihutubu juu ya mwizi wa maji ya udhu, nimwombee laana, waumini waitikie amina. Salumu ameniambia kwa kinywa chake kwamba atakuja mapema, akae safu ya mbele. Nikimlaani bila kumtaja, ninacheza na mimbari ya Mtume. Nikimtaja, nimeuvunja ukoo niliokabidhiwa na mama yangu, na mgonjwa atabaki bila dawa. Nikinyamaza, dua yangu itatimia kama nilivyoiomba: itaenea, itawafikia wengi.

Nishaurini enyi wenye elimu na wenye wana, nifanye nini?

Mwenyezi Mungu akulinde wewe unayesoma, ailinde nyumba yako na vilivyo ndani yake, na vijana wako awalaze usingizi wa salama. Amin.