Mama Dirisha na Mzee wa Simu

Kwa miaka ishirini na miwili alikaa dirisha namba tatu la ofisi ya usajili, hadi watu wakamwita Mama Dirisha. Asiyeona, asiyejua kusoma, aliyesahau miwani nyumbani, wote walikuwa wake. Aliwasomea fomu kwa sauti, akawajazia, na jioni akarudi kwake roho kwatu.

Huduma zilipohamia mtandaoni, dirisha likafungwa. Akapelekwa ghorofa ya pili, kwa vijana waliokuwa wakitengeneza tovuti ya serikali. Siku za mwanzo alijiona kama kiti kilichozidi. Vijana waliongea lugha yao, naye akaitikia kwa kichwa tu.

Mkuu wa kitengo, kijana mwepesi wa kucheka, akampa kazi. "Mama, wewe unawajua watu. Tuletee wa kuijaribu kabla hatujaifungua Jumatatu."

Akamleta mzee asiyeona, mstaafu aliyekuwa akiunganisha simu hospitalini. Simu yake ilimsomea yaliyoandikwa. Alipogusa ukurasa wa kwanza, ikasema: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe."

"Jamani, vitufe vyote hivi! Hii ni fomu au koti la jenerali?" akauliza mzee.

Wakaangua kicheko, lakini hakikudumu. Kila idara ilikuwa imeandika ukurasa wake: mmoja ulisema "Endelea", wa pili "Mbele", wa tatu "Wasilisha". Mzee akabonyeza "Wasilisha" akidhani anasonga mbele, fomu ikaenda zake ikiwa nusu tupu.

Mama Dirisha akamwambia pole. Mzee akageuza uso.

"Sauti hiyo naijua. Dirisha namba tatu."

"Ndiye mimi, mzee."

"Ulinisaidia sana nilipofuata cheti cha kifo cha mke wangu. Ila uliniuliza alikufa kwa ugonjwa gani, nikakujibu, na foleni nzima ikasikia."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Nisamehe, mzee wangu. Sikuwahi kulifikiria."

"Ungefanyaje? Njia ilikuwa hiyo moja. Sasa mna nyingine mikononi. Itengenezeni."

Mama Dirisha akamgeukia mkuu wake. "Jumatatu hatufungui."

"Mama, tangazo limeshatoka!"

"Basi litoke jingine."

Kijana akakuna kichwa, akaitazama ile fomu nusu tupu, akakubali.

Kazi ikala wiki tatu. Vijana wakakipa kila kitufe jina lake. Mama Dirisha akazunguka idara moja baada ya nyingine akiomba wote watumie neno moja la kusonga mbele, "Endelea". Idara ya ardhi ilikaza shingo siku tisa, naye akaenda siku zote tisa.

Mzee aliporudi, alichomeka waya wa kusikilizia sikioni akaanza kuhuisha kitambulisho chake. Mama Dirisha alikaa viti viwili mbali, mikono mapajani, hana la kufanya. Kuna mahali mzee alisita, akajifuta uso kwa kiganja, kisha akaendelea. Ni swali gani lilimgusa, Mama Dirisha hakujua, na akashukuru moyoni kwamba hajui.

"Imepokelewa," mzee akasema hatimaye. "Mara ya kwanza maishani najaza mwenyewe. Asante, mama."

"Asante wewe, mzee. Umenifundisha kazi uzeeni."

"Uzeeni? Na mimi nisemeje?"

Akachukua fimbo yake, wakashuka ngazi taratibu, mzee akimsimulia kuhusu daktari mmoja aliyekuwa akipiga simu na kusahau alitaka kuongea na nani.