Aliyekuwa Akikoroma Darini

Nakumbuka alasiri moja ya kipupwe, ukungu umeshuka mpaka kwenye matuta ya kabichi, nimekaa chumbani namnyonyesha kaka yako mkubwa, mara juu ya kichwa changu mtu akaanza kukoroma.

Sisemi kitu kama mtu, mwanangu. Nasema mtu, kwa sababu ndivyo sikio langu lilivyosikia. Ilikuwa pumzi ndefu yenye mkwaruzo, pumzi ya mzee aliyelala chali na mdomo wazi. Inavutwa, inakaa kidogo, halafu inatoka. Nikamwita mama mkwe wangu, nikakumbuka yuko shamba la bondeni, alikokuwa akilala msimu ule kulinda mazao. Baba yako alikuwa Muheza kwenye kazi ya machungwa, na nyumbani alikuja mara mojamoja. Tulikuwa mimi na mtoto tu. Mimi, mtoto, na huyo wa juu.

Nakueleza haya kwa sababu ya simu uliyonipigia juzi. Umeniambia kwamba katika nyumba yenu mpya, huko karibu na msitu, kuna kitu kinatembea darini, na kwamba mumeo ameshaanza kumtaja jirani. Neno hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi. Hicho kinachotembea hakinitishi. Basi tulia, unisikilize.

Nyumba yetu wakati ule ndiyo hii hii, hapa juu ya Lushoto, ukingoni mwa msitu. Marehemu baba mkwe aliijenga kwa matofali ya kuchoma, akaiwekea dari ya mbao, lakini maradhi yakamwahi kabla hajaziba pembe ya paa upande wa mlimani. Wanyama tulikuwa tumewazoea. Kima walikuja kwenye pichesi, nguruwe pori wakachimbua viazi, tumbili wakachuma maharage kana kwamba wamealikwa. Tulipiga makopo, tukafuga mbwa, tukalinda shamba kwa zamu. Mnyama unayemwona unamfukuza. Usiyemwona ndiye anayekufukuza wewe.

Kukoroma kule kukawa kila siku. Kulianza jua likielekea kuzama, wakati ukungu unapanda kutoka mabondeni, na kadiri siku zilivyokwenda ikawa si pumzi moja tena. Zilikuwa pumzi nyingi zinazopokezana, kama wagonjwa waliolazwa pamoja. Kisha ukutani, chini ya ile pembe iliyoachwa wazi, ikatokea michirizi myeupe kama chokaa. Na asubuhi moja nilipofungua mlango kwenda kuchota maji, nikakuta kizingitini donge jeusi, kama kidole gumba kwa ukubwa, linang'aa kama lililopakwa mate. Nililigeuza kwa kijiti. Lilikuwa limejaa manyoya, na katikati ya manyoya kulikuwa na taya dogo lenye meno.

Nikalisukuma kwa kijiti mpaka pembeni mwa ukuta. Kesho yake lilikuwepo jingine.

Sasa nikutajie Bi Zaina. Alikuwa jirani yetu ng'ambo ya uzio wa masale, ile mimea ya mipaka, mjane, mtu wa maneno machache, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Watoto wake wote walikuwa wameshuka chini kwenda kutafuta maisha. Kaka yako alipozaliwa alikuja kumwona, akampakata, akasema tu, "Mtoto huyu mzito," akamrudisha, akaenda zake. Hakusema mashallah. Wakati ule sikulitia moyoni. Lakini mtoto alipoanza kukohoa, kifua kikawa kinaingia ndani kila anapovuta pumzi, neno lile likanirudia. Na jioni moja nimesimama uani, nikaona kitu cheupe kinatoka kwenye paa letu. Kikubwa, mwanangu, na hakina sauti kabisa, hata ya bawa. Kilipita juu ya kichwa changu kama shuka iliyopeperushwa, kikaelekea moja kwa moja ng'ambo ya masale, kikazama nyuma ya ghala la mahindi la Bi Zaina.

Mimi sikumwambia mtu. Lakini shemeji yangu Hoza, mdogo wake baba yako, alikuja kutujulia hali akasikia mkoromo ule kwa masikio yake, akaona na madonge. Aliyafunga kwenye jani la mgomba, akayapeleka dukani kule barabarani, akawaonyesha vijana wenzake. Ulimi hauna mfupa. Mpaka kufika Ijumaa, kijiji kizima kilikuwa kinajua ni nani analala juu ya dari yetu na anamnyonya nani pumzi.

Ijumaa hiyo, baada ya sala, wakaja. Hoza alikuwa mbele. Wengine walikuwa na mapanga, na mmoja alibeba dumu la mafuta ya taa. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Walisimama uani kwetu wanaongea kwa sauti ya chini, kama watu wanaopanga kuchimba kaburi. Ukungu ulikuwa mzito, nyumba ya Bi Zaina huioni, unaona tu moshi wake mwembamba unapanda. Na darini, ingawa jua lilikuwa bado kuzama, wale wakaanza kukoroma. Vijana wote wakarudi nyuma kwa pamoja.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipotokea njiani na mzigo wa kuni kichwani. Vijana wakamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuwajibu. Aliutua mzigo polepole, akajifuta shingo kwa kanga, akalitazama lile dumu.

"Hoza, mwanangu, mafuta hayo ni ya nini?"

"Mama, wewe ingia ndani. Jambo hili ni la wanaume."

"Nimekuuliza ni ya nini."

Hoza akaelekeza kidole juu. "Unasikia mwenyewe. Mtoto wa kaka anakufa humo ndani. Tungoje mpaka lini?"

Mama akasikiliza. Aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maji yakichemka. Kisha akauliza kwa upole, "Nani kati yenu amepanda dari?"

Vijana wakatazamana.

"Nauliza tena. Nani amepanda akatazama?"

Mmoja akasema, "Mama, kitu kama kile hakitazamwi."

"Basi mnataka kuchoma nyumba ya Zaina," akasema, "kwa sababu mnaogopa kupanda ngazi."

Akamwambia Hoza alete ngazi. Hoza akaileta, akaisimamisha chini ya tundu la kupandia darini, akaishika. Lakini kupanda hakupanda, na mwingine yeyote hakupanda. Mama alikuwa na goti bovu. Akanigeukia mimi, akaninyooshea tochi, wala hakuniamuru. Akasema tu, "Mwanaidi, huyu ni mwanao."

Nilimkabidhi mtoto, nikapanda. Sijui niliwaza nini. Najua nilihesabu vipago vya ngazi kimoja kimoja. Nikasukuma ubao, nikaingiza kichwa katika giza lile. Harufu ilinipiga usoni, kali, ya kinyesi na nyama iliyovunda. Mkoromo ukakatika ghafla. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko sauti. Nilijua kuna wanaonitazama.

Nikawasha tochi, nikaona nyuso.

Zilikuwa nyeupe, za duara, zimechongoka kidevuni kama kopa la karata, na macho meusi tii yasiyopepesa. Zilikuwa zimejipanga pembeni kule, zinayumba kushoto na kulia, kushoto na kulia, zote kwa pamoja, kama wazee kwenye dhikri. Kisha zikafungua midomo, na mkoromo ule ukatoka kwa nguvu zote. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Na kwa kuwa sauti iligoma na miguu ilikuwa imekufa ganzi, ilinibidi niendelee kutazama. Ndivyo nilivyoona midomo iliyopinda. Nikaona manyoya laini, yamefumuka kama pamba ya godoro kuukuu. Nikaona kucha. Vilikuwa vifaranga vya bundi, mwanangu, wale bundi weupe wa mapaa, na walikuwa wananiogopa kuliko nilivyowaogopa mimi.

Nikashuka, nikasema nilichokiona. Utadhani mambo yaliishia hapo? La. Hoza akasema, "Bundi! Si ndiye yeye mwenyewe? Nani asiyejua bundi anatumwa na nani?" Na wenzake wakaitikia. Mtu akishaamua kuamini, hata ushahidi wa kumkanusha anaugeuza kuwa shahidi wake.

Mama hakubishana nao. Aliomba lile jani la mgomba lenye madonge, Hoza akalitoa mfukoni. Akaketi kibarazani, akachukua sindano ya kushonea magunia, akaanza kuyachambua madonge mbele yao, taratibu, akipanga vifupa juu ya mfuniko wa sufuria. Fuvu la panya. Jingine la panya. Mkia. Taya.

"Bundi hawezi kuyasaga manyoya na mifupa tumboni, anavitapika," akasema. "Haya, nionyesheni kilichotoka kwa mjukuu wangu. Mimi naona panya tu. Na panya wako kwenye ghala la Zaina, ndiyo maana ndege huyu anakwenda kule. Mchawi gani huyo anayemtuma ndege kuja kutuondolea panya?"

Mmoja mmoja wakaanza kutazama chini. Mwenye dumu akaliweka nyuma ya mguu wake. Mama akamgeukia Hoza. "Huyo mtoto ana nimonia. Mpeleke shemeji yako hospitali sasa hivi, badala ya kusimama hapa na wenye mapanga."

Tukateremka mjini na Hoza, amembeba mtoto kifuani ndani ya koti lake. Mtoto akalazwa, akapigwa sindano, kifua kikafunguka. Huyo ndiye kaka yako unayemwona leo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Lakini Bi Zaina, mwanangu. Mama alipovuka masale jioni ile, alimkuta ameketi mlangoni, kanga kichwani, kifurushi chake kimefungwa tayari kiko mapajani. Alikuwa ameyasikia yote. Ukungu huficha watu lakini haufichi maneno. Alikuwa anangoja moto, na hakuwa na miguu ya kuukimbia. Mama alimwomba radhi kwa niaba yetu sote. Alimwambia yamekwisha. Bi Zaina akamjibu, "Nimekusikia, dada. Lakini mimi sasa nitalalaje?"

Asubuhi akateremka Magoma kwa binti yake. Mama ndiye aliyembebea kifurushi mpaka barabarani. Hakurudi tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Bundi tuliwaacha wakue. Walipoota manyoya ya kurukia wakaondoka wenyewe, na Hoza, bila kuambiwa, akapanda kule kule alikokuwa amekataa kupanda, akafagia, akaziba pembe kwa wavu wa waya. Dari ikanyamaza. Ile nyumba ya ng'ambo ya masale ndiyo iliyobaki. Watu waliacha kupita mbele yake. Waliizunguka kwa chini, mpaka njia mpya ikachimbika, na watoto waliozaliwa baadaye wakaambiwa pale pana kitu. Mimi najua hapakuwa na kitu. Lakini hata mimi, ukungu ukishuka, nikipita pale huwa naona mtu ameketi mlangoni anangoja, na huharakisha mwendo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kinachotembea darini kwako, panda ukakitazame, mchana, ukiwa na tochi na mtu wa kukushikia ngazi. Ukikuta ni kinyama chenye watoto, kivumilie mpaka watoto watoke, kisha ziba tundu kwa waya. Ukiziba kabla, watakufia humo na uvundo utawahamisha nyinyi. Sumu usitege, kwa maana panya aliyekula sumu ataliwa na bundi au na paka wako. Nafaka yako ifunike, na mabaki ya chakula usiyatupe nyuma ya nyumba. Akiwa ni mnyama mkubwa usiyemweza, waite watu wa wanyamapori, hiyo ndiyo kazi yao. Na mtoto akikohoa, njia ni ya hospitali.

Na jina la jirani lisitoke mdomoni mwa mumeo tena. Mwambie nimesema mimi mama mkwe wake. Umdhaniaye ndiye kumbe siye, na ukishamtaja mtu kwa jambo kama hilo huwezi kumrudishia usingizi wake, hata ukimwonyesha mafuvu yote ya panya. Leo hii, kabla ya magharibi, chukua kibakuli cha chochote mlichopika, mkapige hodi kwake wewe na mumeo, mumwamkie vizuri, mkae.

Mwenyezi Mungu aijaze nyumba yenu sauti mnazozijua. Awape majirani wanaolala kwa amani kwa sababu nyinyi mpo, na awape nyinyi moyo wa kutazama kabla ya kuogopa. Amina, mwanangu. Nisalimie mumeo, na mkishapanda mkaona ni nini, nipigie uniambie.