Majani ya Kumwogesha Mzazi

Nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe alikuja Bukavu kutoka Mumosho na mzigo wa matawi mabichi kichwani. Aliyakata porini, upande wa mto Ruzizi, kwenye vichaka ambavyo majani yake ukiyafikicha yanatoa harufu kali iliyo kati ya limau na pilipili. Kwetu kila nyumba iliyajua. Kwa vijiti vyake tulipiga mswaki, majani makavu tuliweka chini ya mkeka kufukuza viroboto, na mwenye kikohozi alifunikwa blanketi juu ya mvuke wake. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kumwogesha mwanamke aliyejifungua.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Muhindi mmoja, mtaa wa Nyawera. Mke wa huyo Muhindi alikuja kuniona, ameleta kitambaa cha mtoto. Chungu kilikuwa kinachemka uani. Alisimama mlangoni, akavuta hewa, akanipita bila salamu. Nilipomfuata nilimkuta ameshika tawi, machozi yanamtoka.

Kwa Kiswahili chake cha dukani alinieleza kwamba kwao mama yake alikuwa na mti wa majani kama hayo nyuma ya nyumba, ya kutia kwenye mboga. Tangu aolewe na kuletwa Kongo hakuwa amenusa harufu ile. Aliomba machache.

Mama mkwe alikataa. "Hii iko dawa ya muzazi," alisema. "Haiwezi ingia mu sufuria ya mboga."

Nilimheshimu sana, lakini hapo sikuyumba. "Maman, muzazi ni mimi," nikamwambia. "Mimi ndiye namupa."

Kesho yake mgeni wetu alirudi na sufuria ya dengu. Alikiri mwenyewe kwamba majani hayakuwa yale ya kwao. Haya yalikuwa makali zaidi, na uchungu ulibaki ulimini. Tulikula na bugali. Mama mkwe alionja kidogo, akamega tena.

Safari yake iliyofuata kutoka Mumosho, alimletea mgeni wetu mche wenye udongo wake. Ulishika vizuri nyuma ya duka. Wanawake wa mtaa wakaanza kupita kuomba majani, na mke wa Muhindi aliwachumia, akimuuliza kila mmoja habari za watoto wake. Kiswahili chake kilikomaa pale, na mimi nilipata rafiki.